Seti ya tangi la samaki la lita 60: kioo kizuri, hita hakuna

Kwa wanaotaka kuanza kufuga gapi (samaki wadogo wa mapambo) Arusha mjini, seti hii ina tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36, mfuniko wenye taa, chujio la sponji na pampu ya hewa. Kioo ni cha milimita 6, silikoni imepakwa vizuri. Likijaa maji na kokoto hukaribia kilo 80, kwa hiyo stuli ya sebuleni isahau.

Kasoro kubwa ni kukosa hita, kifaa cha kupasha maji joto. Gapi wanapenda nyuzi 24 hadi 26, na baridi ya Julai hapa haina simile. Ongeza ya wati 50.

Pampu nayo imekuja bila valvu ya kuzuia maji kurudi. Ikikaa chini ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji hurudi kwenye mpira wa hewa na kuiharibu pampu. Itundike juu ya tangi.

Maelezo ya boksi yanasema samaki waingie siku ya pili. Si kweli. Acha maji ya bomba kwenye ndoo wazi saa 24 klorini itoke, kisha washa chujio wiki 4 hadi 6 ukitia chembe za chakula, bakteria wa kuvunja amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) wajijenge. Sponji ikamuliwe kwenye maji yaliyotolewa tangini. Ukiiosha bombani klorini itawaua bakteria hao.

Chakula kilichomo kinatosha: mara moja kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Viluwiluwi wa mbu wanawafurahisha zaidi, tena ni bure.