Kamusi ya Kiingereza ya mtoto: anza na neno "hand"

Wazazi wenzangu na walimu, karibuni. Leo nina kamusi hii ndogo ya Kiingereza ya watoto, hii yenye jalada la njano, nimeinunua shilingi 12,000. Wiki ya tatu sasa iko mezani kwetu, naitumia na binti yangu wa darasa la nne. Picha zinapendeza, karatasi ngumu, gundi ya mgongoni imeanza kuachia. Ila mimi nakagua maana.

Ngoja nisogeze kamera. Neno "hand": "the part of your body at the end of your arm". Basi. Binti yangu alikuwa akiandika "hand" kwa mkono mzima kuanzia begani, maana kwetu mkono ni mkono. Aliposoma hapa akajishika kifundo cha mkono, akaniuliza, "Mama, kwa hiyo inaishia hapa?" Ndiyo mwanangu, inaishia hapo. Ningemwambia tu "hand ni mkono", angebaki na kosa lake.

Tena tazameni "borrow": kuchukua kitu cha mtu na kukirudisha baadaye. "Lend": kumpa mtu kitu ambacho atakirudisha. Sisi naazima kwako, nawe unaniazima, kitenzi kilekile. Watoto wetu wanakwama hapo kila siku, na sentensi mbili fupi zimewakwamua. Hapa nawapongeza sana walioiandaa.

Sasa kinachoniudhi. "Brave": "showing courage". Haya, twende "courage": "being brave". Mtoto amefunua kurasa, amerudi alikotoka, mikono mitupu! "Thermometer" nayo imeelezwa kwa "instrument" na "temperature", maneno ambayo mtoto huyu hayajui. Kamusi ya mtoto haitakiwi kumtuma kwenye kamusi nyingine.

Na dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1935 Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, wakati huo ikiwa sehemu ya India ya Waingereza, alitoa na mwenzake James Endicott kamusi iliyoeleza maneno na misemo kama 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Longman nao, katika kamusi yao kubwa ya wanafunzi ya 1978, walijifunga kwa maneno kama 2,000. Kwa hiyo ukiwa dukani usihesabu picha. Chagua neno moja gumu, soma maana yake, uone kama mwanao anayajua maneno yaliyomo ndani.

Kwa darasa la tatu hadi la tano, hii nainunua tena. Chini ya hapo, mtoto bado anahitaji kamusi ya picha yenye Kiswahili pembeni.

Na "brave" tumeirekebisha wenyewe. Mnaona penseli hii? Ameandika binti yangu: "You are afraid, but you do it."