Nilisoma Twilight likizo nzima, halafu Bella akanizimikia

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Na mwisho wa hadithi nitautaja bila huruma. Kitabu kimetoka 2005, aliyetaka kushtukizwa amepata muda wa kutosha.

Kabla hata ya sura ya kwanza, Bella anatuambia yuko kwenye chumba kirefu, mwindaji yuko upande wa pili anamtazama, na anamjia taratibu kumuua. Basi, hapo hapo tunanyang'anywa. Tunarudishwa nyuma hadi siku anaondoka Phoenix kwenye jua lake, anahamia kwa baba yake Forks, mji mdogo jimbo la Washington ambako mvua haijui kupumzika. Kwangu mimi hiyo ni ahadi. Mwandishi amenishika mkono akaniambia: tulia, kwenye kile chumba tutarudi. Nikatulia. Likizo yangu nzima nimeitumia kutulia.

Nikamvumilia Edward, mwanafunzi mwenzake ambaye kumbe ni vampaya, anavyomnunia Bella darasa la biolojia, amekunja ngumi chini ya meza, binti wa watu anajiuliza amemkosea nini. Likaja lile gari lililoteleza kwenye barafu, likamwelekea Bella, na Edward akalizuia kwa mikono. Akaja Jacob kule ufukweni La Push, akatoa hadithi za wazee wake kama vile anapiga soga tu, kumbe ndiyo siri yenyewe ya Edward anaimwaga. Ikaja ile mechi ya besiboli inayochezwa radi zikipiga, kwa sababu vampaya akiugonga mpira mlio wake unasikika mji mzima, na ni radi pekee inayoweza kuuficha. Hapo nilicheka peke yangu kwa furaha. Nani anawaza kitu kama hicho?

Nasema nilivumilia, ila nisiwadanganye, nilikuwa nimenogewa. Nililala saa ambazo si za kulala. Niliitwa kula nikajibu "nakuja" na sikwenda. Yale mapenzi yao ya kuogopana yana kitu, hasa kwa kuwa kila mguso una hatari ndani yake: Edward anaogopa kumuua, Bella anaogopa kuachwa. Hata mambo ambayo kwa akili za kawaida yangenichefua niliyapitisha. Edward ana miaka kumi na saba tangu 1918, alipougua ile homa ya mafua kule Chicago akageuzwa, na hadi leo anakaa darasani anajifunza seli. Anaingia chumbani kwa Bella usiku kumtazama akilala. Baba mtu ndiye mkuu wa polisi wa mji, yuko chumba cha pili, hajui lolote! Nikasema haya, ni likizo, twende.

Sasa tufike kwenye chumba.

James, vampaya ambaye ndiye yule mwindaji, anamlaghai Bella kwa simu. Anamsikilizisha sauti ya mama yake, Bella anaamini mama ametekwa, anawatoroka Alice na Jasper, ndugu wa Edward wanaomlinda, uwanja wa ndege wa Phoenix kwa kupitia choo chenye milango miwili, anakimbilia kwenye ile studio ya zamani ya kucheza baleti. Kumbe sauti ilitoka kwenye kanda ya zamani ya nyumbani. Mama hayupo. Yupo James tu, vioo ukuta mzima, na kamera inayorekodi. Hapa mikono yangu ilikuwa inatoka jasho kweli. Ni chumba kilekile cha ukurasa wa kwanza, na deni langu linalipwa!

James anaongea. Anaongea sana. Anaeleza alivyomfuatilia, anaeleza habari za Alice za miaka hiyo, anaeleza anavyotaka Edward aione hiyo video akasirike. Sawa, muuaji ana hotuba, namsikiliza. Kisha anamrusha, vioo vinavunjika, anamvunja mguu, damu inamtoka Bella kichwani. James anaisikia harufu ya damu, macho yanambadilika, anamjia. Na Bella wetu, msimulizi wetu, macho yetu pekee humo ndani, anafumba macho.

Anazimia.

Tunasikia kwa mbali mngurumo, kitu kinakatika, kilio kinachokoma ghafla. Hayo ndiyo mapambano yenyewe, mmeshayapata. Ukifunua, kuna sauti ya malaika inamwita Bella. Ukifunua tena, hospitali. Na pale hospitalini, kati ya dripu na pole na mabusu, Bella anauliza James aliishia wapi. Anajibiwa kwamba Edward alipomvuta pembeni, Emmett, ndugu yake mwingine, na Jasper walimalizana naye.

Walimalizana naye! Mtu aliyetutisha tangu ukurasa wa kwanza anamalizwa kwa sentensi moja, kama mtu anayeulizwa vyombo vimeoshwa na nani. Kamera iliona. Emmett aliona, Jasper aliona. Mimi niliyetoka Forks kwa miguu yangu hadi kwenye kile chumba sikuona. Tukaambiwa tena kwamba watu wengine wameelezwa Bella alianguka ngazi na kupita dirishani, na kwamba Alice ndiye aliyetengeneza ushahidi wa hilo dirisha, na alifurahia kazi hiyo. Hilo nalo tungeonyeshwa basi, Alice akivunja dirisha la hoteli kwa raha zake. Wapi.

Nikafunga kitabu. Nyota mbili, nikasema, na moja ni ya besiboli.

Mdogo wangu ndiye aliyeniharibia hasira. Akaniambia: "Dada, sasa mtu amepasuka kichwa ulitaka aendelee kukutangazia mpira?" Nikakosa la kujibu. Hadithi inasimuliwa na Bella, na Bella akizima, taa imezimika kwetu sote. Ni haki. Halafu kuna lile linalojulikana, ambalo Stephenie Meyer mwenyewe amelieleza: kitabu kilianzia kwenye ndoto aliyoiota Juni 2003, binti na vampaya kwenye uwanda msituni, ngozi inametameta juani, wanaongea jinsi anavyompenda na jinsi anavyoitamani damu yake. Ndiyo sura ya kumi na tatu. Aliandika kuanzia hapo hadi mwisho, ndipo akarudi kuandika mwanzo. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini James anaingia kitabu kikiwa kimeshapita nusu. Hadithi ni ya ule uwanda. Mwindaji ni mgeni aliyekuja kuwasukuma wapendanao wakumbatiane zaidi. Na ile sura ya uwanda, jamani, nimeirudia, na nitairudia. Nyota tatu. Tatu na nusu.

Lakini ngoja. Kama mwindaji ni mgeni tu, kwa nini amewekwa mlangoni? Nani alimlazimisha mtu kunifungulia kitabu na kifo kisha kukifunika shuka? Filamu ya 2008 iliwaonyesha wakipigana humo ndani ya vioo, na hakuna aliyelalamika kwamba mapenzi yamepungua. Kwa hiyo inawezekana. Narudi kwenye mbili.

Hasira yangu haikunizuia kuchukua cha pili, na cha tatu. New Moon ilinishika koo kwa namna nyingine: Edward anaondoka, na unafunua kurasa zilizoandikwa jina la mwezi tu. Oktoba. Novemba. Desemba. Januari. Hakuna kingine. Nilizikodolea macho zile kurasa tupu na nikamsamehe mwandishi nusu ya madhambi, maana huko nako Bella hakuwepo, kwa namna fulani alizimia miezi minne, na safari hii kutokuona kwake kuliniuma mimi mwenyewe. Huyu mtu akiamua kunyamaza vizuri anajua.

Halafu Eclipse. Victoria, mpenzi wa James, anakuja kulipiza, kule mlimani, na Bella amesimama macho wazi! Ameshika kipande cha jiwe chenye makali, anamtazama Edward akipambana naye mwanzo hadi mwisho, na sisi tunatazama naye. Nilisimama kitandani. Lakini furaha ikageuka tena: kumbe uliweza, Bella! Uliweza kukaa macho muda wote huu!

Cha nne sitakisema sana kwa sababu afya yangu naipenda. Breaking Dawn, majeshi mawili ya vampaya yanakutana kwenye theluji, mashahidi wametoka dunia nzima, mbwa mwitu wamejipanga, na wanaongea. Wanaongea, wanaelewana kwa shingo upande, wanaondoka.

Kwa hiyo mkiniuliza mkisome au msikisome, kisomeni, tena likizo, mkiwa hamna kazi ya kuamkia. Kama wewe ni wa mapambano utaumia, nimekuonya. Kama wewe ni wa mapenzi ya kutetemeka, hutaumia hata kidogo na utanishangaa kwa nini napiga kelele. Twilight naipa nne. Ndiyo, nne, najua nilisema mbili. Ya tano anayo James, na siitoi kwa maelezo ya kitandani hospitali.

Mwaka 2020 ilitoka Midnight Sun, mambo yaleyale ya Twilight yakisimuliwa na Edward. Edward hakuzimia. Nimeshaipakua, naanza leo usiku.