Uzoefu wangu na lm-sensors: kupima joto na feni kwenye Linux

Kompyuta yangu ya mezani yenye prosesa ya Intel inatumia Debian, mmoja wa mifumo endeshi ya Linux, na kwa kuwa iko katika chumba kisicho na kiyoyozi, nilitaka kujua joto lake halisi inapofanya kazi nzito badala ya kukisia kwa kusikiliza mlio wa feni. Nilichagua lm-sensors, programu ya bure ya kusoma vihisi vya joto, feni na volteji, inayopatikana katika hazina rasmi za Debian, Ubuntu, Fedora na mifumo mingine mingi. Naipendekeza kwa moyo wote, ila anayeisakinisha ajue mapema kwamba si kila namba itakayoonyeshwa inafaa kuaminiwa.

Upande wa prosesa hauna usumbufu. Kiendeshi cha coretemp (kiendeshi ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa) huja pamoja na keneli, sehemu kuu ya Linux inayosimamia vifaa, kwa hiyo nilipoandika amri ya sensors, joto la kila kiini lilijitokeza papo hapo. Wenye prosesa za AMD hupata huduma kama hiyo kupitia k10temp. Kilichokosekana ni kasi ya feni na volteji, kwa sababu vipimo hivyo hutoka kwenye chipu nyingine iliyopo kwenye ubao mama.

Kuitafuta chipu hiyo ni kazi ya sensors-detect, amri inayoendeshwa kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) na inayouliza maswali mengi. Majibu yanayopendekezwa yamepangwa kwa tahadhari, nami nashauri yakubaliwe yalivyo, maana kupekua ovyo njia za mawasiliano za ndani kunaweza kuvuruga baadhi ya vifaa. Kwangu ilikuta Nuvoton NCT6779D, ikataja kiendeshi cha nct6775, kisha ikauliza kama ikiandike katika /etc/modules ili kipakiwe kila mashine inapowashwa. Nilikipakia kwa amri ya modprobe na feni zikaonekana. Kwenye baadhi ya mashine kiendeshi hiki hukataa kupakiwa kwa sababu BIOS (programu ya ubao mama inayoanzisha kompyuta), kupitia ACPI (utaratibu wake wa kusimamia vifaa), imekwisha kujitengea anwani za chipu. Wapo wanaotumia chaguo la keneli la acpi_enforce_resources=lax kulikwepa zuio hilo; mimi siiungi mkono njia hiyo, kwani inaruhusu pande mbili, BIOS na kiendeshi, kuigusa chipu moja bila kusikilizana.

Kazi kubwa iko katika kusoma matokeo. Mstari wa AUXTIN0 ulionyesha zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi huku prosesa ikiwa imetulia kwenye 41. Hilo halikuwa joto la kitu chochote: mguu huo wa chipu haukuunganishwa na kihisi. Vilevile neno ALARM lilijaa kando ya volteji kwa sababu tu mipaka ya chini na ya juu ilikuwa 0. Hata mkondo wa volti 12 haupimwi moja kwa moja, bali hupunguzwa kwanza kwa rezista, hivyo namba inayofika kwenye chipu huwa ndogo na lazima izidishwe kulingana na muundo wa ubao.

Haya yote hurekebishwa katika faili la maandishi ndani ya /etc/sensors.d: ignore huficha mistari ya uongo, label hutoa majina, na compute hufanya hesabu ya volteji. Ili kujua mstari wa fan2 ni wa feni ipi, nilifungua ubavu wa kasha na kuchomoa kwa muda mfupi waya wa feni ya nyuma. Kasi ikashuka kutoka mizunguko 1,050 kwa dakika hadi 0, nikaandika jina lake. Joto la diski za SATA nalo lilipatikana kwa kupakia drivetemp, kiendeshi kilichoingia katika keneli 5.6 mwaka 2020, na tangu hapo sihitaji mamlaka ya root kulisoma.

Wanaoandika skripti zao wasome folda ya /sys/class/hwmon, ambako kila chipu ina folda yake na 47000 maana yake ni nyuzi 47, lakini wasitegemee namba ya folda: hwmon2 ya leo huweza kuwa hwmon3 kesho baada ya kuwasha upya, kwa hiyo faili la name ndilo la kuangaliwa. Udhibiti wa feni kwa fancontrol, huduma inayobadilisha kasi ya feni kulingana na joto, sijautumia, kwa kuwa mpangilio wa BIOS unanitosha, na sioni sababu ya kukabidhi upoozaji wa prosesa kwa huduma inayoweza kusimama mfumo ukiwa bado unafanya kazi.