Mpiga picha aliyeuona uzi wangu

Mimi ni fundi cherehani, Moshi mjini, na magauni ya sendoff, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ndiyo yanayonilipia kodi ya fremu ya duka. Kwa hiyo picha naiangalia kitambaa kwanza, sura baadaye. Mnisamehe.

Binti yangu mkubwa alipoolewa tulimchukua mpiga picha kwa sababu ukurasa wake wa Instagram ulikuwa unang'aa. Hatukuuliza kitu. Ukumbini MC akawasha taa za zambarau, na gauni la rangi ya maziwa nililolikeshea wiki 2 likatoka kwenye albamu kama juisi ya rozela. Ndugu zangu, weusi tii kama mimi, walionekana meno na macho tu. Picha za kanisani ndiyo hazikuwepo kabisa: kadi ya kuhifadhia picha iliharibika, na kamera yake ilikuwa ya kadi moja. Pole tulipewa. Hela hatukurudishiwa.

Mdogo wake alipochumbiwa, kamati ikaanza kutupiana picha za "huyu ni mkali" kwenye kundi la WhatsApp. Nikakataa. WhatsApp inaziminya picha, na kwenye kioo cha simu kila kitu kinapendeza. Nikafunga fremu siku moja, nikazunguka studio 3, na kila nilikoingia niliomba kitu kimoja: nionyeshe harusi moja nzima, kuanzia bibi harusi anapakwa poda mpaka watu wanapanga foleni ya chakula. Wa kwanza akanifungulia zile zile 12 za ukurasani. Wa pili akasema picha za wateja hazionyeshi. Jibu la kiungwana, ila halikunisaidia. Wa tatu, kijana mwenye chumba kimoja ghorofani, hata kibao mlangoni hana, akanivutia kiti. "Mama, hii ilikuwa Kibosho, mvua ilitupiga, usinicheke."

Tukaziangalia zaidi ya 600. Zilizoharibika zilikuwemo, na hakuzificha. Mimi nilitafuta bibi harusi na bwana harusi wakiwa pamoja juani: gauni jeupe, suti nyeusi, uso mweusi. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Ukiipimia kamera mwanga wa gauni, uso unazama gizani. Ukiipimia uso, gauni linakuwa shuka la hospitali. Kwake niliona maua ya lesi, na nikaona kola ya suti. Akanieleza kwamba jua la mchana analikimbia, watu anawasogeza kwenye kivuli cha mti. Ukumbini flashi anaielekeza darini ili mwanga ushuke polepole. Halafu akaniuliza mimi swali: mapambo ya juu ni ya rangi gani? Maana mwanga ukigonga kitambaa cha pinki unarudi na pinki yake. Hapo nikatoa kianzio.

Bei: sh. 900,000 kwa sendoff na harusi, nusu mbele, kwa maandishi. Kamera 2, kila moja inaandika kwenye kadi 2 kwa wakati mmoja. Nilimwambia anifungulie vifuniko nione kwa macho yangu, akafungua.

Mwanangu alitaka picha na Mlima Kilimanjaro, na kamati ilishapanga saa 8 mchana, tukitoka kanisani. Kijana akasema saa hizo mtapiga picha na mawingu. Wakaenda kesho yake upande wa Uru, saa 12 na nusu asubuhi, bibi harusi ananuna, viatu vina umande. Kibo, kile kilele chenye theluji, ilikuwa wazi hadi chini. Saa 3 mlima ulishajifunika.

Kasoro anazo. Albamu aliahidi wiki 4, nikaipata ya 7, na simu anapokea akijisikia. Kupanga wazee hajui, anaona aibu kuwaambia sogea. Shangazi wawili wamemezwa na vilemba vya waliokaa mbele, na picha ya ukoo mzima ilibidi niipange mwenyewe kwa sauti ya sokoni. Ila ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipoingia ikichezewa, alitembea kinyumenyume mbele yake ukumbi mzima, nyaya za spika chini, bila kujikwaa, na nyuso za wabebaji zote zipo.

Nilipokwenda kuchagua za albamu akaniita nisogee kwenye kompyuta. Ilikuwa picha ya bibi akimfunga mjukuu gauni mgongoni. Vidole vya bibi, kucha zenye ule udongo wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, usiotoka, vifungo vyangu 22 nilivyovivika kitambaa kimoja kimoja, na chini ya kifungo cha 9 uzi mweupe, sentimita 2 hivi, niliousahau kuukata.

"Mama, niufute?"

Nikamwambia kwenye albamu auache. Kwenye ile kubwa ya kutundika dukani kwangu, wanapokaa wateja, aufute.