Trening ya usalama wa watoto wachanga: wakija kwenu msikose

Nafanya kazi wodi ya watoto wachanga huku Arua, Uganda, semina nimekaa nyingi, hotelini, slaidi, soda, unasaini unarudi wodini hujashika kitu. Hii tuliletewa hapohapo kazini siku mbili, naisemea manake imenigusa.

Walikuja na midoli ya NeoNatalie, unaujaza maji mpaka unakuwa mzito kama mtoto kabisa, kichwa kinalegea usipokishika, mwalimu akibonyeza kipira kitovu kinadunda, akiacha kinanyamaza na wewe jasho linakutoka. Watu wawili mdoli mmoja. Miaka tisa kazini ndo siku hiyo nikajua maski ya kumpa mtoto hewa nlikuwa naikalisha vibaya, hewa inatorokea shavuni, kifua hakipandi, yani nahesabu tu nikidhani nampa pumzi. Niliponyanyua kidevu kidogo na kukaza vidole kifua kikapanda, nilitaka kulia palepale nikiwaza wale wa nyuma. Ile dakika ya dhahabu ni sekunde 60 tu tangu mtoto azaliwe, umkaushe, umsugue mgongo, bado hapumui basi uwe umeshaanza kumpa hewa, hakuna muda wa kutafuta ambu, ule mfuko wa kubonyeza wa kumpa hewa, kwa droo.

Siku ya pili dawa. Gentamaisini, antibayotiki ya sindano, ampuli yake ni miligramu 80 kwa mililita 2, mtoto akiandikiwa miligramu 6 hiyo ni mililita 0.15, nukta ikiruka inakuwa 1.5, dozi mara kumi! Nilikofanya zamani iliwahi kuvutwa hivyo, ni sista mmoja tu aliangalia sirinji akauliza mbona imejaa, mtoto akapona hapo. Sa hivi kwetu hakuna dozi inaingia kabla watu wawili hawajasoma kwa sauti, na sifuri mbele ya nukta lazima iandikwe.

Kilichoniuma, oksijeni ilipitishwa mbiombio na hawa njiti ikizidi inawaharibu macho, tulihitaji nusu siku nzima ya hiyo peke yake. Alafu wenzetu wa zamu ya usiku walikosa yote, na usiku ndo tunabaki wachache.

Natoa nyota nne. Walituachia mdoli mmoja, unakaa kwa kabati karibu na mlango, kila Jumatano kabla ya kupokezana zamu tunaushika dakika kumi, hata wa usiku wameanza kujifunza. Kwa hiyo wakija kwenu ulizeni kwanza kama mdoli unabaki.