Uzoefu wangu: kurekebisha kifyatulio cha bastola ya upepo, Steyr LP10

Nimekuwa nikilenga shabaha ya umbali wa mita 10 kwa bastola ya upepo, ile inayosukuma risasi kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa miaka minne, na kwa miaka miwili ya mwisho nimetumia Steyr LP10, iliyotengenezwa Austria, ambayo niliinunua ikiwa imetumika kutoka kwa mwanachama mwenzangu hapa Mombasa mara tu tulipokamilisha kibali na karatasi za umiliki. Wengi wanaoisifu bastola hii huanza na mtutu wake, au na utulivu wake baada ya risasi kutoka. Mimi naanza na kifyatulio, yaani sehemu inayovutwa na kidole ili risasi itoke, kwa sababu ndicho kilichonitesa na ndicho kilichonifundisha, na kwa sababu naamini kwamba anayenunua bastola ya mashindano ananunua kifyatulio kwanza.

Kwa asiyekizoea, kifyatulio cha aina hii kina hatua mbili. Kidole huvuta kwanza dhidi ya springi laini mpaka kinapogota, na hapo mvutaji huhisi wazi kwamba kuna kitu kimemzuia. Akiongeza nguvu kidogo tu, ndoano inayoizuia nyundo huachia na risasi ya milimita 4.5 hutoka. Klabuni kwetu mahali hapo pa kusimama tunapaita mgoto, na neno hilo limetufaa kuliko maelezo marefu. LP10 ina skrubu ya uzito wa hatua ya kwanza, ya uzito wa hatua ya pili, ya urefu wa mwendo wa kidole kabla ya mgoto, na nyingine ya kukizuia kifyatulio kisiendelee kurudi nyuma baada ya nyundo kuachia. Kanuni ya shirikisho la kimataifa la ulengaji, ISSF, ni kwamba kifyatulio cha bastola ya upepo kisiachie chini ya gramu 500. Namna ya kuzigawa gramu hizo kati ya hatua mbili ni hiari ya mlengaji, na humo ndimo nilimopotea.

Nilidhani kwamba hatua ya pili ikiwa nyepesi sana, bastola haitatikisika. Nikailegeza mpaka mgoto ukawa hauhisiki, nikaongeza uzito kwenye hatua ya kwanza ili kufidia, na kwa wiki mbili za kufyatua bila risasi nyumbani Tudor nikajiona nimepata siri. Kwenye shabaha halisi mambo yakawa mengine. Bastola ilianza kuachia kabla sijawa tayari, nikawa naogopa kukigusa kifyatulio, na hofu hiyo ikahamia kwenye kifundo cha mkono. Risasi zilitawanyika chini kushoto, kama ilivyo kawaida ya mtu wa mkono wa kulia anayebana mpini wakati wa kufyatua. Duara la kumi la shabaha yetu lina kipenyo cha milimita 11.5 tu, na kwa umbali wa mita 10 mshtuko mdogo wa kidole unatosha kukupeleka kwenye nane.

Kisha nikafeli ukaguzi kabla ya shindano. Nyumbani nilikuwa nimepima kwa mizani ya ndoano, ile wanayotumia wauza samaki, nikivuta kwa mkono na kusoma gramu 520, nikaridhika. Mkaguzi hakuvuta kitu. Aliweka uzito wa gramu 500 mezani, bastola ikashikwa mtutu ukielekea juu, uzito ukaning'inizwa kwenye kifyatulio na kuinuliwa polepole, nacho kikaachia. Tunaruhusiwa kujaribu mara tatu, na mara zote tatu kiliachia. Nilipewa nafasi ya kurekebisha na kurudi, nikarekebisha kwa haraka huku mikono ikinitoka jasho, nikapita, kisha nikalenga risasi 60 kwa kifyatulio ambacho sikukijua kabisa. Siku ile iliniuma, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa miezi.

Baadaye nilielewa makosa mawili. La kwanza, mkono unaovuta mizani ya springi huvuta kwa pembe na kwa mishtuko, kwa hiyo namba unayoisoma si uzito wa kweli. La pili, nilikuwa nikipima bastola ikiwa katika hali ya mazoezi, bila upepo, ilhali kanuni inataka bastola ya upepo ipimwe ikiwa tayari kutoa upepo kama inavyofyatuliwa shindanoni. Nilitengeneza uzito wangu mwenyewe: chupa ndogo iliyojazwa maji, yenye ndoano ya waya, ambayo niliipeleka kwa sonara wa Mji wa Kale akanipimia mpaka ikafika gramu 515 barabara. Chupa hiyo imenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua. Naipima bastola kwa chupa hiyo kabla ya kila shindano, bila risasi ndani, mtutu ukielekea mahali salama, na upepo ukiwa umefunguliwa.

Kurekebisha upya kulinichukua karibu miezi miwili kwa sababu nilijiwekea sharti la kugusa skrubu moja tu kwa jioni moja, robo ya mzunguko, na kuandika daftarini. Nilirudisha hatua ya kwanza kwenye gramu 370 hivi na kuiacha hatua ya pili ichukue kama 150. Tofauti niliihisi siku ileile. Kidole sasa kinafika kwenye mgoto bila wasiwasi, kinatulia hapo wakati vilengeo vinashuka kwenye sehemu ya kulenga, na nguvu inayobaki naiongeza bila kuamua sekunde yenyewe. Gramu 20 za ziada juu ya kiwango sizihisi kamwe. Ninachokihisi ni utulivu wa kujua kwamba hata nikikaguliwa tena baada ya risasi ya mwisho, uzito hautaniangusha.

Skrubu ya kuzuia mwendo wa nyuma inahitaji subira zaidi. Ikiwa mbali, kidole hutumbukia baada ya nyundo kuachia na kuusukuma mtutu. Ikiwa karibu mno, kifyatulio hugusa kizuizi kabla ndoano haijaachia, na hapo bastola mara inafyatuka, mara haifyatuki. Niliifunga mpaka ikakataa, kisha nikaifungua nusu ya mzunguko, na sijaigusa tena. Kibapa, yaani kile kipande kinachoguswa na kidole, nilikisogeza mbele milimita chache na kukigeuza kidogo ili ncha ya kidole ivute moja kwa moja kuelekea nyuma. Marekebisho haya hayaonekani kwa mtazamaji, lakini ndiyo yaliyoziondoa risasi zangu upande wa kushoto.

Neno moja kwa wenzangu wa pwani. Hewa yetu ya chumvi haihurumii chuma kidogo, na skrubu hizi ni ndogo sana. Niliwahi kutumia alenki, ule ufunguo wa pembe sita wa kuzungushia skrubu, hafifu ya sokoni, ikala pembe za skrubu moja, na nikalazimika kuagiza nyingine. Tangu hapo nina alenki mbili nzuri ambazo hazifanyi kazi nyingine. Sehemu za ndani za kifyatulio nazifuta kwa kitambaa kikavu na kuzipaka mafuta mepesi kwa tone dogo mno, kwa sababu mafuta mazito hukusanya vumbi na kukifanya kifyatulio kivutike kwa uvivu. Miezi ya kusi, unyevu unapozidi, bastola hulala kwenye sanduku lenye vifuko vya kunyonya unyevu.

Mwenzangu mmoja anatumia Morini CM 162EI, ambayo kifyatulio chake ni cha umeme wa betri. Nimekijaribu, na uachiaji wake ni safi ajabu. Hata hivyo nimebaki na LP10, kwa kuwa napenda kuhisi chuma kikiachia chuma, na kwa kuwa sasa naijua kila robo ya mzunguko wake. Kabla hujainunua iliyotumika, mwombe muuzaji akuruhusu kuifyatua bila risasi mara ishirini, ukiwa umefumba macho, na usikilize kidole chako pale kinapogota. Uzito wa kuvuta kifyatulio ukiwa mmoja mara zote ishirini, mengine yote yanarekebishika.