Leleshwa mweupe: chupa nne tangu Aprili

Kilichonipeleka kwenye mvinyo wa hapa nyumbani ni hasara. Mwezi wa nne mama mkwe alikuwa anakuja kula kwetu South B, nikatoa shilingi 1,800 kununua mvinyo mweupe kutoka nje, katika duka moja la vinywaji karibu na stendi. Chupa ilikuwa imesimama dirishani, jua la mchana likiipiga. Nilipoifungua, rangi ilikuwa kama ya chai ya rangi na harufu ya tufaha lililooza. Mama alimeza funda moja, akaomba maji. Niliona aibu sana.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa Leleshwa, mvinyo mweupe wa zabibu aina ya Sauvignon Blanc zinazolimwa Naivasha. Jina ni la kile kichaka chenye majani ya rangi ya fedha kinachoota kwa wingi Bonde la Ufa. Nimeshamaliza chupa nne, na kwa tilapia wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu sitafuti mwingine. Unanukia pera na majani yaliyokatwa sasa hivi, na una ukali unaokata mafuta ya samaki. Usiunywe ukiwa na joto la chumbani. Uweke kwenye friji saa mbili au tatu, la sivyo unaona pombe tu.

Huo ukali unatokana na mahali penyewe. Naivasha iko karibu na ikweta, lakini mwinuko wake unakaribia mita 1,900, na usiku wake ni wa sweta. Baridi hiyo huzuia zabibu kupoteza uchachu wake haraka. Kazi ya mkulima ndiyo nzito. Ulaya kipupwe hulaza mizabibu yote kwa pamoja, huku kwetu hailali, kwa hiyo ni mkulima anayeamua kwa makasi lini ichipue. Ndiyo maana Dodoma wenzetu wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Nikikumbuka hilo, naiheshimu zaidi chupa iliyo mbele yangu.

Kwa anayenunua mvinyo mweupe wa namna hii, wa hapa au wa Afrika Kusini: tazama mwaka wa mavuno kwanza, uchukue ulio mchanga. Hauongezeki utamu kwa kukaa, unachakaa. Halafu tazama chupa ilikuwa wapi. Ya dirishani iache hata ikipunguzwa bei, na ya rafu ya juu chini ya taa pia. Jina kubwa kwenye lebo halisaidii kitu chupa ikishapikwa na jua.

Mwekundu wa Leleshwa, wa zabibu aina ya Shiraz, nimeunywa mara moja tu kwa mbuzi choma. Ulikuwa mzuri, wenye harufu ya pilipili manga, ila nataka kuurudia kabla sijausifu.

Siku hizi naomba chupa iliyo ndani ya katoni. Muuzaji wangu ameshanizoea, akiniona anaelekea stoo. Jumapili iliyopita mama mkwe alikuja tena, na safari hii aliongezwa glasi ya pili.